Somo: Kubadilisha faili za video bila kupoteza maneno ya watu

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi viongozi wa vituo vya wakimbizi wa ndani hapa Kisangani na ng'ambo ya mto, somo hili limetoka katika kosa letu wenyewe. Tunaanza kwa kulieleza jinsi lilivyotokea, kwa maana tunaona vikundi vingi sasa vinarekodi mikutano na ushuhuda kwa simu na kamera ndogo, na tusingependa vipite njia tuliyopita sisi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, upande wa kushoto wa mto Kongo, ulichoma nyumba na kufukuza familia nyingi, na wengi wao walikimbilia mjini. Katika kazi ya upatanisho tulikutana na shida moja ya kila siku: walioko vituoni wanaogopa kwenda vijijini kusikiliza, na waliobaki vijijini hawaji vituoni. Kwa hiyo tulianza kurekodi kikao cha upande mmoja kwa video, kukivusha kwa mtumbwi, kukionyesha upande wa pili kwa projekta na shuka jeupe, kisha kurekodi majibu na kuyarudisha. Wazee waliipenda kazi hii. Walisema afadhali kumwona mtu usoni anaposema kuliko kuletewa maneno na mjumbe.

Kikao kimoja kilichukua dakika 41. Kuelekea mwisho, mzee mmoja wa kijiji (hatutaji jamii yake, maana kosa hili lingeweza kumpata mzee wa upande wowote) alisimama na kusema: "Sisi wa kijiji hiki hatutakubali hawa ndugu warudi..." Jioni ile tulipokuwa tunaonyesha video kituoni, chini ya turubai, mbele ya watu zaidi ya mia moja, picha ilikoma hapo hapo. Shuka likawa jeusi. Kwanza palikuwa kimya. Kisha mama mmoja aliyeketi mbele akajifunga kitenge chake akaondoka bila kusema neno, na vijana waliokuwa nyuma wakaanza kupiga kelele. Usiku ule viongozi wa kituo walizunguka hema kwa hema kutuliza watu.

Maneno ya mzee hayakuishia pale. Alikuwa ameendelea hivi: "...kulala nje juu ya majivu ya nyumba zao. Kwanza tuwasaidie kuinua kuta, ndipo waje." Sentensi nzima ilikuwa ahadi. Nusu yake ikawa kitisho.

Kamera ilikuwa imefanya nini

Kamera yetu haikuharibika, wala hakuna mtu aliyekata video kwa nia mbaya. Kadi ya kumbukumbu iliyokuwa ndani yake imepangwa kwa mtindo unaoitwa FAT32, ambao hauwezi kushika faili moja inayozidi GB 4. Kamera inajua hilo. Ikifika karibu na kikomo hicho, inafunga faili ya kwanza na kufungua ya pili bila kusimamisha kurekodi na bila kutoa taarifa. Kamera yetu inaandika megabiti 17 kwa sekunde, yaani karibu MB 127 kwa dakika. Gawanya GB 4 kwa kiasi hicho, utapata dakika 33 hivi. Kamera nyingine hukata mapema zaidi, kwenye GB 2. Kamera haisubiri mtu amalize sentensi.

Kwenye kadi palikuwa na faili mbili, 00003.MTS na 00004.MTS. Mwenzetu aliyefanya kazi ya kubadilisha aliiona ya kwanza, kubwa, akaiingiza katika programu, akapata MP4 nzuri isiyo na kasoro. Ile ya pili, ndogo, alidhani ni ya majaribio. Programu haikulalamika, kwa sababu yenyewe ilipewa faili moja na ilibadilisha faili moja. Na sisi wengine hatukuangalia video mpaka mwisho kabla ya kuvuka mto. Tulitazama dakika tano za mwanzo, tukaona picha iko safi, tukaondoka.

Kuziunganisha faili za namna hii si kazi ngumu. Katika kompyuta ya Windows, fungua dirisha jeusi la amri, nenda kwenye folda yenye nakala za faili hizo, uandike:

copy /b 00003.MTS+00004.MTS kikao.MTS

Faili za MTS zinakubali kushonwa hivyo, moja nyuma ya nyingine. Za MP4 hazikubali. Kwa hizo tumia programu ya kuhariri, uziweke kwa mpangilio wa namba. Baada ya kuunganisha, ndipo ubadilishe.

Tulirudi kituoni siku ya pili yake na sehemu iliyobaki. Wengine waliamini. Wengine walisema, na hatuwalaumu, kwamba tumemwendea mzee usiku tukamrekodi upya ili kufunika aibu. Kilichotuokoa ni kwamba kadi ilikuwa haijafutwa. Tulileta kamera yenyewe, kadi ikiwa ndani, tukaacha watu waje kumi kumi kutazama kwenye kioo kidogo cha kamera, ambapo faili zote mbili zinafuatana bila kukatika: mzee yule yule, kofia ile ile, jua pale pale nyuma yake. Mama aliyeondoka siku ya kwanza aliangalia mara mbili. Kazi hiyo ilituchukua mchana mzima, na bateri mbili.

Tangu siku hiyo tuna desturi ambayo tunaomba vikundi vyote viichukue. Kabla ya kubadilisha, andika kwenye daftari kikao kilianza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Baada ya kubadilisha, linganisha urefu wa video mpya na ule wa daftari. Kisha sikiliza dakika mbili za mwisho, neno kwa neno, ukiwa na mtu aliyekuwepo kikaoni. Kadi haifutwi mpaka hayo yamefanyika na faili za asili zimenakiliwa mahali pawili tofauti.

Kitunga na kilichomo

Sasa tueleze kwa nini tunabadilisha video kabisa, maana wengi hutuuliza: kama inacheza kwenye simu yangu, kwa nini haichezi kwenye televisheni ya kituo?

Fikiria kitunga kilichofunikwa sokoni. Ukikiona kwa nje hujui kama ndani mna samaki au mihogo. Jina linalomalizia faili, kama .mp4, .avi, .mkv au .3gp, ni kitunga tu. Ndani yake mna picha iliyobanwa kwa njia fulani, na sauti iliyobanwa kwa njia yake. Njia hizo za kubana huitwa kodeki. Simu nyingi za siku hizi hubana picha kwa kodeki inayoitwa H.265, kwa jina jingine HEVC, ili kuokoa nafasi. Televisheni za zamani, projekta zenye tundu la USB na kompyuta dhaifu zinaijua H.264 tu, au hata ya kabla yake. Hapo ndipo unaposikia sauti na kuona giza, au picha inaruka kama chura.

Kubadilisha jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4 hakusaidii chochote. Umebadilisha kifuniko cha kitunga. Kujua kilichomo, fungua video katika VLC, ambayo ni programu ya bure, ubonyeze Ctrl na J pamoja. Utaona mstari wa picha na mstari wa sauti. Kama picha ni H.265 na chombo chako hakiichezi, ibadilishe kuwa H.264 kwa HandBrake, nayo ya bure. Ukitaka jibu moja la kukumbuka kwa vyombo karibu vyote vya hapa kwetu, basi ni hili: kitunga MP4, picha H.264, sauti AAC.

Wakati mwingine ni kinyume chake, picha ipo na sauti haipo. Mara nyingi kamera imeandika sauti kwa AC-3, ambayo simu nyingi haziichezi, au simu ya zamani imeandika kwa AMR, ambayo televisheni hazijui. Hapo picha haina kosa, usiibane tena. Mwenye programu ya ffmpeg aiache picha kama ilivyo na kubadilisha sauti peke yake:

ffmpeg -i kikao.MTS -c:v copy -c:a aac -b:a 128k kikao.mp4

Amri hii inamalizika kwa dakika chache ambapo kubadilisha picha kungechukua saa nzima, na kwa anayetumia umeme wa sola tofauti hiyo ni kubwa.

Midomo na sauti zisipokwenda pamoja

Hili nalo lina hatari yake katika kazi ya amani. Mtu anapoonekana midomo inasema jambo na sauti inasema jingine, watazamaji husema mara moja: "Wamembandikia maneno." Tumelisikia zaidi ya mara moja.

Kwanza tazama kama tofauti ni ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, au kama inakua. Kama ni ile ile, ni jambo dogo. Katika VLC bonyeza J au K wakati video inacheza, na sauti itarudi nyuma au kwenda mbele kidogo kidogo, sehemu 50 za elfu za sekunde kila mara, mpaka ilingane na midomo. Hata katikati ya onyesho unaweza kufanya hivyo.

Kama mwanzoni iko sawa na baada ya nusu saa sauti imeachwa nyuma, chanzo karibu kila mara ni simu. Kamera ya video huchukua picha 25 au 30 kila sekunde bila kupungua. Simu hubadilika: mwanga ukipungua, au simu ikipata moto, inachukua picha chache zaidi, halafu inaongeza tena. Programu inayodhani kwamba idadi haibadiliki inakosea kidogo kila dakika, na makosa hayo yanajumlika. Katika HandBrake, kwenye sehemu ya picha, chagua idadi isiyobadilika ya fremu, 25 au 30, badala ya kuiacha ifuate ya asili. Anza upya kutoka faili ya asili, usijaribu kunyoosha nakala iliyopinda.

Kuna msaada mmoja usiogharimu kitu. Kila unapoanza kurekodi, mtu mmoja asimame mbele ya kamera apige kofi moja, na mwishoni apige tena. Mahali mikono inapokutana na mahali kishindo kinaposikika pataonyesha wazi kama sauti imehama. Watoto wa vituoni wanaipenda sana kazi hii, na hugombania zamu.

Uzito wa faili

Ukubwa wa video unatokana na vitu viwili tu: dakika ngapi, na biti ngapi kwa sekunde. Kilobiti 1,000 kwa sekunde ni MB 7.5 kwa dakika. Mtu aliyeketi akizungumza hahitaji zaidi ya kilobiti 500 kwa picha yenye mistari 480, na kilobiti 64 kwa sauti. Hiyo ni MB 4.2 hivi kwa dakika, na kikao cha dakika 41 kinakuwa MB 175 badala ya zaidi ya GB 5. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua megabaiti, si baada.

Kosa tunaloliona sana ni kubana picha vizuri na kubana sauti kupita kiasi. Watu wanavumilia uso wenye ukungu. Hawavumilii neno lisilosikika, maana kila mmoja atalijaza kwa neno lake. Ukilazimika kupunguza, punguza picha.

Katika HandBrake utaona namba ya ubora inayoitwa RF. Namba ndogo ni ubora mkubwa na faili nzito. Kati ya 20 na 23 panatosha kwa kazi zetu nyingi. Na kila unapobadilisha kilichokwisha kubadilishwa, unapoteza tena, kama karatasi iliyopigwa fotokopi kutoka kwenye fotokopi. Tumeshaletewa video iliyopita kwenye simu za watu sita kwa WhatsApp na uso wa msemaji ulikuwa miraba mitupu. WhatsApp hubana kila video unayoituma kwa njia ya kawaida. Ukiituma kama dokumenti, inafika jinsi ilivyo. Tangu 2022 faili moja inaweza kufika GB 2. Ukiiweka kwenye status, inakatwa kwa sekunde kadhaa tu, na hapo tumerudi kwa mzee wetu na nusu ya sentensi yake. Tunaomba viongozi wakataze kabisa kuweka ushuhuda kwenye status.

Ukiambiwa flashi imejaa na wewe unaona ina GB 20 wazi, usitupe flashi. Ni ile FAT32 tena: faili yako imezidi GB 4. Igawe, au uipange flashi upya kwa exFAT kama televisheni yako inaisoma. Nyingi za zamani haziisomi, kwa hiyo kugawa ni salama zaidi. Na ukigawa, gawa penye kimya.

Umeme ukikatika

Hapa mjini umeme unakuja na kwenda, na vituoni ni jenereta au sola. Faili ya MP4 ina tabia mbaya: orodha ya kilichomo huandikwa mwishoni kabisa. Kompyuta ikizimika kwenye asilimia 95, unabaki na faili kubwa isiyofunguka. Kwa hiyo unapobadilisha kwa umeme usioaminika, chagua kitunga cha MKV. Hata kikikatika, kilichokwisha kuandikwa mara nyingi kinachezeka. Kazi ikimalizika unaweza kuhamisha yaliyomo kwenda MP4 kwa muda mfupi, bila kubana upya.

Simu iliyozimika ikiwa inarekodi inaacha jeraha lile lile. Watu wakiona faili haifunguki wanaifuta. Msifute, na msirekodi kitu kingine juu ya kadi hiyo. Ipo programu ya bure inayoitwa untrunc: unaipa video iliyoumia pamoja na video nzima iliyorekodiwa na simu hiyo hiyo kwa mipangilio ile ile, nayo inajaribu kuijenga upya orodha iliyokosekana. Haifaulu kila mara. Imewahi kuturudishia ushuhuda wa bibi mmoja ambaye asingekubali kusimulia mara ya pili, na hatukuthubutu kumwomba.

Tarehe na saa

Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu jambo hili linaonekana dogo na si dogo.

Faili ya asili kutoka kwenye simu ina maandishi yaliyofichika: siku na saa ya kurekodiwa, pengine aina ya simu, pengine na mahali. Ukibadilisha video, maandishi hayo mara nyingi yanapotea, na faili mpya inabeba tarehe ya siku uliyoibadilisha. WhatsApp nayo huyaondoa. Halafu kuna saa yenyewe. Simu nyingi huandika ndani ya faili saa ya kimataifa, na Kisangani iko mbele yake kwa saa mbili. Kinshasa iko mbele kwa saa moja. Basi jambo lililotokea kwetu saa 16:00 litasomeka 14:00 ndani ya faili, na wakili wa Kinshasa akilisahihisha kwa saa ya kwake atapata 15:00. Shahidi aliyesema "saa kumi na sita" anaonekana mwongo mara mbili, na hakudanganya hata mara moja. Kwa hiyo mwanzoni mwa kila rekodi tunasema kwa mdomo siku, saa na mahali, na tunaandika hayo hayo kwenye daftari.

Je, kweli video zetu zinaweza kufika mahakamani? Zimekwisha kufika. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilimwona Thomas Lubanga na hatia ya kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake na kuwatumia vitani. Kati ya ushahidi uliozingatiwa ulikuwemo mkanda wa video uliorekodiwa tarehe 24 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara karibu na Bunia, kule Ituri, wakati ambapo Kisangani ilikuwa bado makao makuu ya Jimbo la Mashariki. Aliyeshika kamera siku ile aliacha picha ambazo majaji walizitazama miaka mingi baadaye ili kuona nyuso za watoto.

Na karibu zaidi nasi: Vita vya Siku Sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na ndani yake milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu. Majaji walipanga kiasi cha jumla, kwa kuwa uthibitisho wa hasara moja moja haukutosha. Wale wenye ulemavu wa vita vile, ambao Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aliwafuata kwa kamera mtoni hadi Kinshasa katika filamu yake "En route pour le milliard" ya mwaka 2020, wanajua vizuri maana ya kudai bila karatasi.

Kama kuna familia bado ina kaseti za wakati ule, VHS au za kamera ndogo, izitoe kwenye unyevu na isizicheze ovyo kwenye mashine chafu. Zikihamishiwa kwenye kompyuta picha itaonekana na mistari kama meno ya kitana kila mtu anaposogea. Kaseti haikuharibika, picha za zamani ziliandikwa nusu nusu, mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu. Katika HandBrake kuna kichujio cha kuondoa mistari hiyo. Kitumie kwenye nakala ya kutazama tu.

Ili kuonyesha kwamba faili ya asili haikuguswa, Windows ina amri inayotoa namba ndefu ya herufi na tarakimu 64, kama alama ya kidole ya faili:

certutil -hashfile 00003.MTS SHA256

Ihifadhi namba hiyo siku ile ile ya kurekodi, pamoja na daftari. Biti moja ikibadilika, namba yote inabadilika. Ndiyo sababu pia kazi ya kuficha uso wa shahidi hufanywa kwenye nakala, kamwe si kwenye ya asili. Na mkificha uso, kumbukeni sauti, jina analoitwa na jirani akipita, na kibao cha shule nyuma yake.

Maandishi chini ya picha

Tunapoweka tafsiri ya Kifaransa au Kilingala chini ya picha, faili ya maandishi (.srt) ihifadhiwe kwa mtindo wa UTF-8. Bila hivyo herufi é inageuka kuwa alama za ajabu, na ɛ na ɔ za Kilingala zinakuwa alama za kuuliza. Kwa televisheni za zamani, maandishi yachomwe ndani ya picha yenyewe wakati wa kubadilisha. Kabla ya kuonyesha, mtu wa kila jamii asome tafsiri akiwa anasikiliza. Kazi hiyo tusiiachie kompyuta.

Zoezi la kikundi

Chukueni simu mbili za aina tofauti. Mmoja wenu azungumze dakika tatu mbele ya zote mbili kwa pamoja, kofi mwanzoni na kofi mwishoni, akitaja siku na saa. Sentensi yake ya mwisho ianze kwa kukataa na imalizike kwa kukubali, kama ya mzee wetu. Tumaneni video moja kwa WhatsApp ya kawaida na nyingine kama dokumenti. Ibadilisheni moja kwa HandBrake hadi isizidi MB 13. Kisha andikeni kwenye daftari, kwa kila nakala: urefu wake, uzito wake, tarehe inayoonyeshwa, kama kofi la mwisho linalingana na mikono, na neno la mwisho linalosikika. Mkituletea daftari tutalinganisha na lile la kikundi cha ng'ambo, ambao walifanya zoezi hili kwa simu nne na kupata tarehe tatu tofauti.